Muhuri wa Hodi

1

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

"Kelele za nini? Mlango uko wazi na miguu unayo. Pita."

Nikajua nimefika, maana majibu ya namna hiyo hayatoki kwa mtu mwingine Kwembago nzima isipokuwa kwa Bibi Nakundwa Mshana. Nilikuwa nimeanza kupanda mlima tangu saa moja asubuhi, goti langu la kushoto likinitukana kila hatua. Katika nyumba mbili za kwanza nilizopangiwa nilikuta makaburi, moja la Naetwe Msuya, jingine la Elieskia Mbwambo. Kaburi haliitikii hodi, na sisi wapiga hodi hatuandiki habari za makaburi. Tunaandika habari za watu hai waliomeza kitu kwa midomo yao wenyewe.

Kama hujawahi kutembelewa na mpiga hodi, shukuru, maana tu watu wa kukera. Mtu akisema kuna utafiti umeonyesha kirutubishi fulani kinafaa, mimi namuuliza: utafiti upi? Nani aliufanya? Walimeza akina nani, na wanakaa wapi? Halafu nafunga kamba za viatu naenda kwao. Siku hizi tafiti zinatungwa na mashine, maelfu kwa siku. Zina majedwali ya kupendeza, zina majina ya maprofesa, zina wagonjwa wenye umri na uzito wao, na kati ya wagonjwa hao hakuna hata mmoja aliyewahi kuzaliwa. Ndiyo maana ikawekwa Sheria ya Hodi. Utafiti wa lishe hauaminiwi mpaka mtu mwenye miguu aende akabishe mlangoni, amkute aliyeshiriki, amuulize maswali, ndipo agonge muhuri.

Nilipoanza kazi, tafiti zenye muhuri zilikuwa mia moja na kumi na mbili. Asubuhi ile zilikuwa zimebaki saba. Walioshiriki wanakufa, na mpya hakuna anayezifanya. Nani atahangaika kupima watu miaka kumi wakati mashine inampa jibu kabla chai haijapoa?

Mmoja katika hizo saba niliugonga mimi, miaka ishirini iliyopita, hapahapa kwa Bibi Nakundwa. Ulikuwa utafiti wa kile kirutubishi kinachoitwa tisa. Nani asiyeijua tisa? Tangu chakula chetu kianze kulimwa ghorofani, mahindi meupe yasiyojua udongo, kila kinywa nchini kinameza kidonge cha tisa. Na wanaokitegemea kuliko wote ni wajawazito, maana wanasema bila hicho damu inakwisha na mimba haishiki. Utafiti wa Kwembago ndio pekee wa kweli kuhusu tisa, na ndio uliosema kidonge kimoja kwa siku hakina madhara kwa mjamzito. Mwanangu Niendiwe ana mimba ya miezi saba. Kila siku saa saba mchana anameza kidonge kimoja, bila wasiwasi, kwa kuwa muhuri ni wa mama yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe si yule wa muhuri?"

"Ndiye mimi, Namkunda. Nimekuja kuufufua. Miaka ishirini imetimia."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Umenenepa."

"Na wewe umezeeka."

"Mimi nina haki ya kuzeeka, nina miaka sabini na minane. Wewe unene umeupata wapi katika chakula hiki cha ghorofani?" Akacheka mpaka akakohoa. "Keti. Kuna makande. Maharage ni ya shambani kwangu, usiwaambie watu."

Nikaketi. Nikatoa dodoso langu, maswali kumi na manne, yaleyale ya miaka ishirini iliyopita. Je, ulishiriki? Ndiyo. Je, ulipewa chupa yenye kifuniko cha rangi gani? Chekundu. Je, ulimeza ulichopewa? Nilimeza. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, na mimi nilishaanza kuuwazia mteremko wa kurudi.

Mara kitoaji chake kikagonga ukutani, kile kisanduku cha serikali kilichomo katika kila jiko, kikadondosha kidonge chake cha asubuhi katika kikombe. Bibi Nakundwa akakichukua, akakiweka juu ya kibao cha kukatia mboga, akakipasua kwa kisu katikati. Kisha akapaza sauti dirishani, "Wee Mama Kiangi! Umelala?"

Mkono ukaingia dirishani. Ulikuwa umeshika nusu kidonge. Bibi akaichukua nusu ile, akaupa mkono nusu ya kwake, na mkono ukaondoka bila hata salamu. Akatia mdomoni nusu zote mbili, ya kwake na ya jirani, akateremshia maji.

"Bibi," nikasema, "ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo nini, nini?"

"Nyote wawili mna tisa. Mnabadilishana nini?"

"Mazoea tu. Tangu enzi za chupa."

Kijiko cha makande kikabaki njiani.

"Enzi za chupa mlifanyaje?"

Akafuta mdomo kwa upande wa kanga. Hakuwa na habari kwamba anaungama dhambi yoyote. Alikuwa anasimulia kama mtu anavyosimulia harusi ya zamani.

"Wale watafiti walikuwa vijana wazuri, wana adabu. Walitukusanya wajawazito mia mbili na arobaini, wakatueleza kila kitu, hawakuficha. Wakasema, nusu yenu mtapewa chupa yenye dawa na nusu mtapewa chupa yenye chaki, sisi wenyewe hatujui ipi ni ipi, mnakubali? Tukasema tunakubali, tukaweka dole gumba. Mimi nikapata kifuniko chekundu. Mama Kiangi, wakati ule mke wa shemeji yangu, ua mmoja, jiko moja, akapata cha kijani. Sasa niambie wewe uliyesoma. Mimi nimeze dawa na mwenzangu ameze chaki? Au mimi nimeze chaki mwanangu afe, wa kwake apone, halafu tuangaliane machoni miaka yote iliyobaki?"

"Bibi, hiyo ndiyo ilikuwa maana ya utafiti."

"Maana hiyo haikuwa na utu. Mimi nilikuwa kiongozi wa kina mama. Nikaita kikao, palepale kisimani. Nikasema, jamani, kizuri kula na nduguyo. Kila Jumatatu kila mtu alete chupa yake, nyekundu kwa kijani, tumimine vidonge vyote kwenye beseni moja, tukoroge, kila mmoja ajaze tena chupa yake. Kwa hiyo kila mtu anapata dawa kidogo na chaki kidogo, na hakuna wa kumwonea mwenzake wivu."

"Wote? Wote mia mbili na arobaini?"

"Wote. Nani angethubutu kubaki nje? Na watafiti walipokuja kuhesabu, kila chupa ilikuwa na idadi yake sawasawa. Walitusifu sana."

Niliweka sahani chini. "Mbona mara ile nilipokuja hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Akanishangaa kwa dhati. "Uliniuliza kama nilimeza. Nilimeza."

Nilikuwa naujua utafiti ule kwa moyo, kama sala. Jedwali la nne: katika miaka kumi baada ya kujifungua, figo ziliwaua wanawake kumi na tisa wa vifuniko vyekundu, na kumi na wanane wa vifuniko vya kijani. Kwa kuwa hakuna tofauti, tisa haina hatia. Waandishi wakasema pengine ni maji ya mlima, yana chumvi nyingi. Lakini kama wote walimeza kutoka beseni moja, jedwali lile halisemi kitu. Wanawake thelathini na saba walikufa figo, na hakuna mtu duniani anayejua kama waliuawa na maji au na tisa.

"Naetwe alikufa nini?" nikauliza.

"Figo."

"Na Elieskia?"

"Figo. Mimi Mungu amenisahau tu. Kula basi, makande yanapoa."

2

Nilimkuta mkuu wangu, Elinihaki Mrutu, ofisini Same akiwa na miwani kwenye paji la uso, anaitafuta miwani. Tumefanya kazi pamoja tangu tukiwa vijana. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kufunga mlango, ingawa katika jengo zima tulikuwa sisi wawili na mfagizi.

"Dada Namkunda," akasema, "umeandika?"

"Bado."

"Basi usiandike."

"Elinihaki!"

"Nisikilize. Muda wa muhuri huu unaisha leo saa saba kamili. Sasa hivi ni saa sita na nusu. Kabla ya saa saba unatakiwa ufanye moja kati ya mambo mawili, ugonge Umethibitika au ugonge Umefutwa. Ukigonga Umefutwa, unajua kinachofuata?"

Nilijua. Vitoaji vyote nchini husoma Daftari la Mihuri kila saa inapogonga. Kirutubishi chenye muhuri, kitoaji hutoa kiasi kilichoandikwa kwenye utafiti, hakiongezi hata punje. Kisicho na muhuri, kitoaji humfuata Mshauri, ile sauti tamu inayokaa katika simu na kuta za watu. Mshauri anajibu kila swali, na hajawahi hata siku moja kusema sijui. Maneno yake huandikwa na wenye viwanda. Ukimuuliza vidonge vingapi, jibu lake ni vingi zaidi.

"Itakuwa vitatu kwa siku," Elinihaki akasema. "Ilikuwa hivyohivyo kwa dawa ya mifupa tulipoupoteza muhuri wake, na ile ya watoto. Utafiti wako mbovu ndio pekee unaowazuilia watu kwenye kimoja. Uongo huu una faida."

"Na kama hicho kimoja ndicho kinachoua?"

"Na kama ni maji?"

"Hatujui!"

"Ndivyo, hatujui. Na kama bila tisa mimba zitaanza kuharibika nchi nzima? Hilo pia hatujui. Utafiti ulivurugika pande zote mbili." Akavua miwani aliyokuwa hajaivaa. "Bora nusu shari kuliko shari kamili, dada. Andika kwamba ulimkuta, alijibu maswali yote kumi na manne. Si alijibu? Hakuna swali la beseni kwenye dodoso. Hutakuwa umeandika uongo hata neno moja."

Hapo ndipo aliponichoma, maana ilikuwa kweli. Ningeweza kugonga nikarudi nyumbani msafi.

"Nigonge Umefutwa, niandike na sababu," nikasema. "Niandike kwamba watu wasubiri mpaka ukweli ujulikane."

"Wasubiri nini? Nani atafanya utafiti mpya? Nani leo atamwambia mjamzito akae bila tisa ili tuone? Na sababu yako itasomwa na nani? Daftari lina neno moja tu, dada. Hatuna muhuri wa sijui."

Kweli hatuna. Walioitunga Sheria ya Hodi walikuwa na akili, lakini hilo hawakulifikiria. Nilisimama pale na muhuri mkononi, kile kipande cha mbao kinachosoma dole gumba langu na hakimtambui mwingine. Nikamkumbuka kila mtu niliyewahi kumwambia mlangoni kwake, mama, hii ni ya kweli, nimeihakikisha mwenyewe. Wajawazito wangapi kwa miaka ishirini? Sikuweza kuwahesabu.

Wanatucheka kwamba Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Basi mimi ndiye huyo Mpare. Jambo likiwa la haki siwezi kunyamaza, hata kama haki yenyewe itanifilisi.

"Namkunda, hii si kesi ya kuku," Elinihaki akasema, maana ananijua, alishaona nimekaza taya. "Niendiwe naye ana kitoaji jikoni."

"Ndiyo maana siwezi kumwachia jina langu kwenye kitu nisichokijua. Nitamfikia kabla ya saa saba. Nitamweleza mwenyewe."

"Mpigie simu basi."

"Habari ya namna hii si ya simu."

Ndivyo nilivyolelewa. Msiba hauambiwi kwa simu, ugonjwa hauambiwi kwa simu, unakwenda, unaketi, unapewa maji, ndipo unasema. Sikufikiri mara mbili. Nikaweka dole gumba, nikagonga Umefutwa. Ukutani, kwenye ubao wa hesabu ya tafiti zilizobaki, taa ya namba saba ikazimika ikawaka ya sita. Saa ilionyesha saa saba kasoro dakika ishirini. Elinihaki hakunilaumu. Alikaa tu kitini, akaitoa tena ile miwani akawa anaipangusa.

Toka ofisini mpaka kwa Niendiwe ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa mtu mwenye goti zima.

3

Nilikuwa nimefika kwenye kona ya kanisa nilipovunja mila na kumpigia simu. Ilikuwa inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Nikampita mwanamke mwenye mimba kubwa amesimama kibarazani kwake na simu sikioni, anatabasamu. Nyumba ya pili, mwingine, naye anatabasamu. Hapo nikaelewa anayewapigia ni nani. Mimi nilidhani Mshauri atangoja saa saba kama vitoaji. Hakungoja hata dakika moja.

Sikupiga hodi. Kwa mara ya kwanza maishani niliingia nyumba ya mtu bila kubisha.

"Mama!" Niendiwe alikuwa jikoni, ameegemea meza, miguu imemvimba mpaka ndara hazimwingii vizuri. Akaja akanikumbatia, tumbo lile likaja kati yetu. "Asante mama. Asante sana."

"Asante ya nini?"

"Mshauri ameniambia. Ameniambia kile kizuizi cha zamani kilichokuwa kinatubania kimoja kwa siku kimeondolewa leo, na aliyekiondoa ni wewe. Alilitaja jina lako, mama! Namkunda Mgonja. Anasema wajawazito wa nchi nzima wanakushukuru."

Kitoaji kikagonga. Saa saba kamili. Moja, mbili, tatu, vikadondoka katika kikombe kimoja baada ya kingine. Niendiwe akavimimina kwenye kisahani akaanza kutafuta maji.

"Usimeze."

"Eeh?"

"Keti, mwanangu. Usivimeze hivyo vitatu. Wala hicho kimoja usimeze kwanza."

Akaketi taratibu, mkono tumboni. Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, sikuruka kitu: beseni, vifuniko, kikao cha kisimani, thelathini na saba waliokufa figo. Alisikiliza akinitazama mdomoni, kama alivyokuwa akifanya tangu mdogo nilipokuwa narudi safarini na kumsimulia milango niliyobisha.

"Kwa hiyo tisa inaua figo," akasema.

"Huenda."

"Huenda?"

"Huenda ni maji ya kule. Haijulikani."

"Na nisipomeza, mtoto atakuwa salama?"

"Hilo nalo halijulikani."

Halafu akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Mama, umetoka Kwembago kwa miguu, ukafuta muhuri wako mwenyewe, ukaingia kwangu bila hodi, kuja kuniambia kwamba hujui?"

"Ndiyo ukweli wenyewe."

"Ukweli nitaufanyia nini?" Sauti ikampanda. "Mwaka juzi kitoaji kilipoharibika nilikaa wiki sita bila tisa. Wiki sita! Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyemfunga kwenye kanga. Mtoto wangu sikumpa hata jina. Sasa unaniambia niache tena?"

"Mtu mmoja si ushahidi, Niendiwe. Mimba huharibika kwa mambo mengi."

"Kwako si ushahidi. Kwangu alikuwa mwanangu."

Simu yake mezani ikawaka, na ile sauti ikasema kwa upole, bila kuulizwa, sauti ya shangazi anayekupenda kuliko wote: "Mama Mtarajiwa, muda wako wa tisa umefika. Tafiti elfu tisa na mia mbili zinaonyesha kwamba vidonge vitatu humpa mtoto damu, mifupa na akili. Usiogope. Mimi nipo nawe."

"Hizo elfu tisa ni za uongo," nikasema. "Zote. Hakuna mtu hata mmoja ndani yake."

"Na wewe za kweli unazo ngapi?" Niendiwe akauliza.

"Sina."

"Hata moja?"

"Hata moja, mwanangu."

Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa na huruma, alinionea huruma mimi. "Mama, mimi si mpiga hodi. Mimi nina tumbo hili na hofu hii. Mmoja ananiambia hajui, mwingine ananiambia usiogope. Ungekuwa mimi ungemsikiliza nani?"

Akachukua kidonge cha kwanza kwa vidole viwili. Nikaitazama miguu yake. Nikauona ule uvimbe juu ya kifundo, ngozi imekaza inang'aa. Huenda ni mimba tu, wajawazito huvimba. Huenda ni figo. Sikujua, sikujua, na neno hilo lilikuwa limenijaa kinywani kama mchanga. Miaka ishirini na miwili nimelitumikia. Nimewafokea watu kwa ajili yake, nimekosana na ndugu kwa ajili yake, nimekataa kusema jambo lolote nisilokuwa na mlango wa kulionyesha. Na mtoto wangu alikuwa anafungua mdomo.

"Upo," nikasema.

Mkono ukasimama. "Upo nini?"

"Utafiti. Upo mmoja. Sikutaka kukuambia kwa sababu haujatangazwa bado."

Akanikazia macho. Ananijua mwanangu huyu, nikadhani atauona uongo palepale. Lakini angeuonaje? Hajawahi kuniona nikisema uongo, hajui sura yangu huwaje.

"Utafiti gani?"

"Wa Mwanga, bondeni. Maji ya kule ni mazuri, hayana chumvi. Wajawazito mia tatu na kumi na wawili." Idadi ilikuja yenyewe, nikashangaa ilivyokuja upesi. "Wamefuatwa miaka minane. Waliomeza tisa, figo ziliharibika kwa mmoja kati ya sita. Wasiomeza, hakuna."

"Hawakuchanganya chupa?"

"Hawakuchanganya. Walikaa vijiji mbalimbali, hawajuani."

"Umewapigia hodi?"

"Nimewapigia."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Nyumba kumi na saba." Na nikaendelea, maana nilipoanza sikujua pa kuishia. "Kuna mmoja anaitwa Mama Anaeli, ana cherehani barazani, anashona sare za shule. Alinipa uji. Yeye hakumeza hata kimoja, na sasa ana watoto wanne."

Nilimwona Mama Anaeli. Nilimwona na cherehani yake, na kanga aliyojifunga, na kidole alichojichoma sindano. Lo! Kumbe ni rahisi hivi. Nilikuwa najiuliza miaka yote mashine zinawezaje.

Niendiwe akakirudisha kidonge kwenye kisahani, pamoja na vile viwili. Akakisukuma kisahani mbali, kikafika kwangu. Akaigeuza simu kifudifudi ili ile sauti isisikike vizuri, kisha akashika tumbo lake pande zote mbili.

"Na watoto?" akauliza. "Wale wa kina mama ambao hawakumeza. Watoto wao walizaliwaje?"

"Walizaliwa salama."

"Wote, mama?"

"Wote."